Sekunde Kumi na Moja za Mzee Bujiku

Kule Nyahanga, mjini Kahama, kuna kibaraza kimoja ambacho mafundi wawili wamegawana kwa kamba ya kuanikia nguo. Upande wa kushoto anakaa Theonest, Mhaya mshona suti, mwenye ushauri juu ya kila jambo duniani isipokuwa lini suti yako itakuwa tayari. Upande wa kulia anakaa Jilala, fundi wa kompyuta, mtu wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mpole, mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, na nyingine ya kuitafutia hiyo ya kwanza.

Jilala hakuanza na kompyuta, alianza na sururu. Miaka kumi na minne alichimba dhahabu Nyarugusu, huko Geita, akishuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, na kupanda kama panya wa ghalani. Baadaye akaacha kushuka, akawa mtu wa marudio. Marudio ni ule mchanga ambao wenzako wameshauosha, wakaona hauna kitu, wakaumwaga. Jilala alikuwa anauosha tena, taratibu, huku akipiga mluzi, na mara nyingi alikuta kitu. Watu walisema ana dawa. Hakuwa na dawa yoyote, alikuwa hana haraka tu.

Kifua kilipoanza kumpigia filimbi, daktari akamwambia aachane na vumbi. Akaanza kutengeneza redio za wachimbaji, kisha simu, kisha, alipohamia Kahama, kompyuta. Huo mfumo wake wa Linux alipewa na mwalimu mmoja wa sekondari, kwenye sidii, baada ya virusi vya flashi za watu kumuulia kompyuta mara tatu ndani ya mwezi mmoja.

"Huu hauna virusi?" Jilala aliuliza.

"Vipo," mwalimu akamjibu, "ila havijui kama uko Kahama."

Basi, tangu siku hiyo amekuwa humo humo, anaandika amri zake kwa vidole viwili, na ukutani amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: USIIWASHE TENA. NJOO KWANZA.

Asubuhi moja akaja mama wa makamo, amebeba kitu kwenye kanga, amekikumbatia kama kichanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," akaitika Jilala, akimwita mama kwa Kisukuma. "Karibu ukae."

"Naitwa Klara, natokea Maganzo. Nina kibanda pale barabarani, nawawekea watu nyimbo kwenye simu." Akafungua kanga. Ndani mlikuwa na diski ya nje, nyeusi, ukubwa wa kipande cha mkate. "Inalia, baba. Ka-ka-ka, halafu inanyamaza. Nimeambiwa Nyahanga kuna mzee."

"Umeiwasha mara ngapi tangu ianze kulia?"

"Mara moja."

Jilala akavua miwani, akamtazama.

"Mbili," akasema Klara.

Jilala akaendelea kumtazama.

"Asubuhi na jioni, baba. Wiki tatu." Akainamisha kichwa. "Sasa ningefanyaje? Watu wa kikundi chetu cha ngoma wanakuja kuijulia hali. Mtu ametoka Kishapu kwa baiskeli, na unga wake, na kuku wake, anakwambia pole na mgonjwa, utamwambia hawezi kumwona? Ndiyo nawasha kidogo, wasikie kama bado yupo."

Upande wa pili wa kamba Theonest alicheka mpaka sindano ikamchoma. Jilala hakucheka. Alikuwa ameigeuza ile diski, na chini yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: NYIMBO ZA BUJIKU. WAGIKA. SI ZA KUTOA.

Akairudisha juu ya kanga kama kitu cha moto.

Msomaji asiyeijua Usukumani avumilie kidogo hapa. Ngoma kule zina pande mbili, Wagika na Wagalu, na mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa na pua yake. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanja mmoja, siku moja, saa ile ile, kila upande unapiga na kuimba vya kwake. Hakuna jaji, watazamaji ndio jaji: wanakokimbilia wengi ndiko kwenye ushindi. Kwa hiyo manju, yaani kiongozi wa nyimbo, kazi yake ni kuwavuta watu watoke kule waje huku, kwa sauti, kwa vituko, na kwa kuwasema wapinzani kwa majina.

Jilala alizaliwa Mgalu. Akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili alikuwa mpiga ngoma wao, na walimtegemea. Siku moja pale Mhunze, Kishapu, ngoma zimepamba moto, upande wa pili Bujiku akaanza wimbo mpya. Jilala akausikia. Mikono ikapoa. Akasogea hatua moja, ili asikie vizuri. Akasogea nyingine. Alipokuja kujitambua alikuwa katikati ya watu wa Wagika, mdomo wazi, ngoma ya Wagalu ikiwa bado imening'inia shingoni.

Na Bujiku akamwona.

Palepale, bila hata kuvuta pumzi, akamtungia beti akalitia katikati ya wimbo. Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Wagalu walishindwa siku ile vibaya sana, na kuanzia hapo Jilala akienda mnadani watoto wanamfuata wanaimba kiitikio, "Ngoma imehama, ngoma imehama." Hakuvumilia hata msimu mmoja. Akapanda lori la pamba, akaenda zake Geita, ambako Mkurya, Mhaya na Mzinza wote wanachimba na hakuna mwenye habari na Bujiku. Akamwoa Hosiana, Mzinza, muuza uji wa Nyarugusu. Huko, na baadaye Kahama, ndiko alikojenga maisha yake yote: mahali ambapo wimbo ule haujulikani.

Leo umemfuata ndani ya kanga.

"Kuna nakala nyingine?" Jilala akauliza.

"Hakuna. Baba yangu, Mzee Bujiku, alikataza. Alisema zikitoka Wagalu watazipata, watatunga majibu. Nyimbo hamsini na mbili, nilizihamisha kutoka kwenye kanda zilizorekodiwa uwanjani. Kanda zenyewe mchwa wamekula." Klara akajifuta jicho kwa pembe ya kanga. "Na baba amefanyiwa upasuaji wa koo, sauti haipo tena. Ananong'ona tu, na akichoka anagonga fimbo chini: mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana. Mashindano ni wiki tatu zijazo. Kikundi kilitegemea kujifunza kutoka humu. Hizi zikipotea, baba, yule mzee atakaa uwanjani kama mgeni."

"Pole, mayu."

"Lakini nimeapa. Zikipona safari hii sifichi tena. Nazimwaga kwenye kila simu, kuanzia Maganzo mpaka Geita."

Jilala akaitika "Ee," kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu.

Kazi alikubali. Angekataaje? Akachukua chaki, akaiandikia diski ya Klara MGONJWA, na diski yake mwenyewe, kubwa na nzima, akaiandikia MPOKEAJI. Ukikosea majina hapo, ukamwita mgonjwa mpokeaji, unammwagia utupu juu yake na habari imekwisha. Akachomeka, akahakikisha mara tatu, akaandika amri ya ddrescue, programu ya kuokolea diski mbovu, polepole, herufi moja moja.

"Hufungui tuone nyimbo?" Klara akauliza.

"Sifungui. Ukiifungua na kuanza kuchagua huu naupenda, huu siupendi, kichwa chake cha kusomea kinahangaika huku na huku mpaka kinakufa. Tunachota yote kama ilivyo, jiwe na mchanga, tunahamishia kwa mpokeaji. Kuchekecha ni baadaye, kule kwenye nakala."

"Na pakiwa pagumu?"

"Tunaruka. Duara ambalo nguzo zake zimeoza huanzi kupiga mwamba nyundo. Unatoa kwanza kilicho laini, haraka, utoke. Pagumu tutaparudia."

"Mzee mwenzangu," Theonest akadakia, "itie kwenye friji! Shemeji yangu wa Bukoba yake ilikuwa hivyo hivyo, akaitia kwenye friji."

"Akapata vitu vyake?"

"Alipata mafua."

Siku ya kwanza ikaenda vizuri. Namba zinapanda kwenye kioo, mgonjwa analia kidogo, ananyamaza, anaendelea. Siku ya pili, mchana, wakaingia watu kumi na mmoja kutoka Kishapu, wanaume kwa wanawake, na viazi vikavu, na jogoo aliye hai. Wamekuja kumjulia hali.

"Pole na kuuguza, baba fundi."

"Tumeshapoa."

"Anakula?"

"Anakula kidogo kidogo."

Mmoja wao, jitu la miraba minne liitwalo Magesa, akainama amsikilize mgonjwa kwa karibu, na katika kuinama kwake akakanyaga swichi ya waya wa umeme. Kioo kikawa cheusi. Diski ikatoa mlio mmoja, ka, ikatulia.

Mama mmoja akaweka mikono kichwani, akaanza kulia. Mwingine akampokea. Kwa dakika nzima kibaraza kile kilikuwa matanga kamili, na jogoo naye akaitikia. Watu wa barabarani wakavua kofia.

"Nyamazeni basi!" Jilala akasema, naye si mtu wa kupaza sauti. "Hajafa. Kuna faili hapa naliita ramani. Kila alipopita limeandika: hapa nimechota, hapa nimeruka, hapa bado. Tukiwasha anasoma ramani, anaendelea alipoishia. Harudii hata hatua moja."

Akawasha. Akaandika amri ile ile. Namba zikaendelea palepale zilipoishia. Magesa akaufuta waya kwa kitambaa chake, akauomba radhi.

"Sasa ninyi nyote," Jilala akasema, "mwende kwenye mgahawa wa mke wangu hapo jirani, mnywe chai. Mgonjwa anataka kupumzika. Na jogoo aende."

Siku ya tatu asubuhi mzunguko wa kwanza ukaisha. Jilala akaifungua ile nakala, kwa kusoma tu, akaanza kuhesabu na Klara pembeni yake. Nyimbo zikalia mmoja baada ya mwingine, safi, na sauti ya Bujiku ya zamani ikajaza kibaraza kizima. Theonest akaacha cherehani. Hamsini na mmoja zimepona. Mmoja umegoma.

"Upi?" Klara akauliza.

Jilala alikuwa ameshaona jina tangu mwanzo. "Ngoma Imehama."

"Yaani huo!" Klara akajishika kiuno. Kisha akashusha pumzi. "Lakini baba, umefanya kazi kubwa. Kama umeshindikana, sema tu. Hamsini na mmoja si haba."

Na hapa ndipo mtu mpole naye anapojaribiwa. Hakuna ambaye angejua. Neno moja tu, na beti lake linazikwa pamoja na diski, na Kahama inabaki Kahama. Jilala akaitafuta miwani ya kusomea, akakuta ameivaa.

"Umeshindikana," akasema.

Klara akapiga simu Maganzo, aliko baba yake, akaweka sauti ya nje. Akamweleza mzee: hamsini na mmoja zipo, Ngoma Imehama haupo, tushukuru. Upande wa pili ikasikika pumzi tu. Kisha fimbo: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko.

"Baba anasema hapana," Klara akatafsiri, ingawa hapakuwa na haja. "Anasema hapana mara tatu."

Jilala akaondoka akaenda kwa Hosiana kunywa chai. Hosiana alikuwa anageuza chapati. Hakumtazama, maana Klara alishapita pale na habari zote.

"Nasikia kuna wimbo umeshindikana."

"Umeshindikana."

"Marudio umeosha?"

Jilala akaivuta karibu sahani ya chapati.

"Nakuuliza wewe, mume wangu. Marudio umeosha?"

"Bado."

"Haya." Hosiana akaondoa sahani ya chapati mbele yake, akaipeleka meza nyingine. "Mimi niliolewa na mtu anayeosha mchanga uliokwisha kumwagwa. Huyu wa leo simjui. Akitaka chapati apange foleni kama wateja."

Akarudi kibarazani. Theonest akataka kusema neno, akamwona uso, akalimeza pamoja na pini.

Mzunguko wa pili ni kazi nyingine kabisa. Hapa huchoti tena, unakwangua. Jilala akaiamuru kompyuta irudie kila palipobaki mara tatu, punje kwa punje. Ikachota kidogo, ikakwama. Akaibadilisha, ianze mwisho ije mwanzo, kama mtu anayemwendea ng'ombe mkorofi kwa nyuma. Ikachota tena. Namba ya kilichopotea ikawa inapungua kwa uvivu, kama mzigo unaoshushwa na watu waliogombana. Alikaa pale siku mbili mchana kutwa, anaiwekea diski kivuli cha boksi, anaipepea kwa kifuniko cha sufuria. Klara alimkuta mara moja anainong'oneza, "Haya mama, kidogo tu, kidogo tu," akarudi nyuma kwa ncha za vidole.

Siku ya pili ya kukwangua, saa tisa alasiri, mgonjwa akalia kwa mara ya mwisho, mlio mrefu wa kukwaruza, na hakusema tena. Alikuwa amekufa kweli. Lakini ramani ilionyesha tundu dogo tu, dogo mno.

Jilala akavaa spika za masikioni, akaufungua wimbo peke yake.

Ngoma zikaingia. Akazitambua: ile nyembamba ya kushoto, inayosikika kwa mbali ikipiga pembeni ya nyingine, ilikuwa yake mwenyewe, upande wa Wagalu, miaka thelathini na saba iliyopita. Kisha sauti ya Bujiku ikapanda. Miguu ya Jilala ikaanza kutembea chini ya meza bila kuaga. Na alipofika dakika ya tatu aliisikia ile ngoma nyembamba ikilegea, ikakosea, ikanyamaza. Akajisikia yeye mwenyewe anaondoka. Akafumba macho alingoje lile beti.

Wimbo ukaruka. Ukatua kwenye kicheko cha watu.

Akaurudisha. Ukaruka tena. Akapima: sekunde kumi na moja. Katika diski nzima, tundu lile lililobaki lilikuwa limekaa juu ya beti lake yeye, kama mtu aliyepewa maelekezo. Jilala akavua spika, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Ameosha marudio, amefanya haki, na bado amenusurika.

Jumamosi Mzee Bujiku akaja mwenyewe. Alishushwa kwenye bajaji akiwa na koti la suti na kitambaa cheupe kooni, mzee wa miaka themanini na ushei, mwepesi kama ganda la karanga. Hosiana aliacha jiko, Theonest alikata kamba ya nguo ili kibaraza kiwe kimoja. Jilala akambusu mzee mkono, akamkalisha, akabonyeza.

Mzee alisikiliza kidevu kikiwa juu ya fimbo. Wimbo ulipofika dakika ya tatu, akainuka kidogo kitini, kama mtu anayeona mgeni wake anaingia mlangoni. Wimbo ukaruka.

Akamgeukia Klara. Klara akamgeukia Jilala.

"Hapo pameoza, baba. Sekunde kumi na moja. Nimejaribu kwa kila njia, na diski yenyewe imeshakufa."

Mzee akafungua mdomo. Akanong'ona maneno mawili ya Kisukuma, akakwama. Akatikisa kichwa. Akaanza tena, akafika pale pale. Midomo inatafuta, haipati. Alikuwa ametunga nyimbo mamia maishani, na hili beti alilitunga mara moja tu, kwa pumzi moja, uwanjani. Kiitikio watu walikibeba, beti halikubebwa. Akakaa chini. Akakitazama kile kioo cha kompyuta, na macho yakamjaa maji taratibu, bila kelele.

"Si kitu, baba," Klara akamwambia. "Tutaweka beti lingine."

Ko.

Jilala alikuwa amesimama na miwani mbili, moja puani na moja mkononi. Alitazama barabara. Alimtazama Hosiana. Kisha, kwa sauti nyembamba, ya kifua kinachopiga filimbi, akaimba. Akaimba kwa Kisukuma, mkono ukijipigia pajani, na maana yake ni hii:

"Wagalu wametutumia ngoma, tumeipokea, wametutumia na wa kuibeba, mwembamba kama fimbo ya kuipigia. Mwambieni mama yake asimwekee ugali, mtoto ameshakula huku, anakula kwa masikio."

Mzee Bujiku akamwita kwa kidole. Akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kama anayenunua mbuzi.

"Ndiye," akanong'ona.

"Ndiye nani?" Klara akaruka. "Baba fundi! Wewe ni Mgalu? Siku zote hizi nyimbo zetu ziko mkononi mwa Mgalu?"

"Tena yule mwenyewe," Jilala akasema.

"Na mimi," Hosiana akadakia, mikono kiunoni, "miaka thelathini naambiwa alihama Kishapu kwa sababu ya ukame!"

"Ukame ulikuwepo pia, Hosiana."

"Ukame wa aibu!" Theonest akamalizia, na hapo ndipo vicheko vilipofumuka, Hosiana akajishikilia nguzo, chapati zikaungua jikoni na hakuna aliyekwenda.

Mzee Bujiku hakucheka. Alimvuta Jilala sikio lake likaribie mdomo.

"Ulipenda?" akanong'ona.

"Baba, niliacha watu wangu uwanjani, ngoma ya watu ikiwa shingoni, nikaja nimetoa mdomo kama samaki. Bado unaniuliza kama nilipenda?"

Mzee akaegemea kiti. Uso wake wote ukafunguka, na kwa muda ule alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, katikati ya uwanja, anaona watu wanakuja.

Klara alikuwa ameshatoa simu. Akamketisha Jilala kwenye kiti cha mteja, akamweka ile simu chini ya kidevu.

"Imba tena, tutalipachika hapo hapo kwenye tundu."

"Nimeshaimba, mayu."

"Umeimba kama unayeomba maji ya kunywa. Toa sauti, hii inakwenda mpaka Geita. Na lile la ugali usilipunguze."

Jilala akazivua miwani zote mbili, akampa Theonest amshikie, akakohoa, akaanza.